Moto wa juu, moto wa chini: tanuri lipi la pizza linafaa nyumba yako?

Wifi yangu wa Wete, Pemba, alinitumia picha saa nne usiku. Sanduku la chuma linalong'aa, mdomo mpana mbele, ndimi za moto wa gesi nyuma, na ndani pizza iliyofura pembezoni kama mto. Chini ameandika: "Wifi, hili ndilo. Mwanao karudi kutoka Nungwi, anasema hotelini walikuwa wanatumia la namna hii. Nitoe pesa au nisitoe?"

Nikamjibu: "Pesa haitoki usiku, wifi. Kwanza niambie utaliweka wapi, na siku usizochoma pizza utalifanyia kazi gani?"

Kimya mpaka asubuhi. Mimi usingizi ukaniruka, maana swali lake naulizwa kila wiki na watu wanaonunua mikate kwangu. Kila mmoja ana picha yake kwenye simu, na kila picha inang'aa. Basi haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyaongeza kidogo.

Tuanzie kwenye seredani. Mkate wa kumimina kila mtu kaula, lakini si kila mtu kamtazama anayeupika. Mchele umelala kwenye maji, umesagwa na tui, umetiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke. Unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa samli, juu ya makaa machache sana. Ukianza kutoboka vitundu, bibi yangu alikuwa anafunika kwa bati, anachukua koleo, anahamisha makaa moja moja kutoka chini kuyapeleka juu ya bati. Akisema: "Chini uwe wa kuhesabu, juu uwe wa kumwaga." Ukikosea ukazidisha chini, mkate unaungua tako huku uso wake mweupe kama karatasi.

Pizza ina shida ileile. Tako lake linapikwa kwa kugusa jiwe la moto. Uso wake haugusi kitu. Unapikwa kwa joto linalomulika kutoka juu, kama jua. Wazee wa Napoli walioanzisha chama cha kulinda pizza yao mwaka 1984 wanataka sakafu ya tanuri iwe nyuzi 380 hadi 430, kuba kama 485, na pizza itoke ndani ya sekunde 60 hadi 90. Tazama tarakimu hizo: juu kuna moto zaidi kuliko chini. Bibi hakuwahi kufika Napoli.

Kwa hiyo nikipewa tanuri lolote nilitazame, siulizi kwanza linafika nyuzi ngapi. Nauliza moto wa juu unatoka wapi, na kama naweza kuupunguza wa chini bila kuugusa wa juu.

Oveni ya mezani ya kawaida

Hii ndiyo iliyojaa maduka ya Darajani na Mlandege: kisanduku cha lita 30 au 45, mlango wa kioo unaofunguka kwa chini, vitufe vitatu vya kuzungusha, wati 1,500 hadi 2,000. Inaandikwa nyuzi 250 mwisho wake. Ukuta wake ni bati jembamba lisilo na kitu ndani cha kuzuia joto, ndiyo maana ukiuegemea unaungua mkono, na ndiyo maana ukifungua mlango kuchungulia, nusu ya joto inakukimbilia usoni.

Kwa pizza ya Kitaliano ni dhaifu. Kwa nyumba, naitetea. Ina koili juu na koili chini, na nyingi zina kitufe cha kuchagua ya juu peke yake, ya chini peke yake, au zote mbili. Hapo unacheza ule mchezo wa koleo bila kushika makaa. Mkate wa mayai, mkate wa ufuta, samaki wa kupaka, kuku, biskuti za sikukuu, vyote vinapita humo. Pizza nayo inatoka, ila kwa dakika 8 hadi 12, na tako linakuwa laini kama la boflo.

Dawa ya tako hilo ni ya bei ndogo. Nenda kwa fundi wa kuchomea vyuma, mwambie akukatie kipande cha chuma cheusi cha unene wa milimita 6, sentimita 30 kwa 30. Kina uzito wa kama kilo nne, kwa hiyo angalia waya za oveni yako zisipinde. Kisiwe bati la mabati, maana ile rangi ya fedha ni zinki, haifai kugusana na chakula. Kioshe, kipake mafuta kidogo, kiache ndani ya oveni iliyowashwa kwa dakika 40 kabla hujatia pizza. Chuma kinapitisha joto upesi kuliko jiwe, na kwenye oveni isiyofika mbali upesi huo ndio unaoutaka. Mimi nimekaa na kipande changu miaka sita, kimekuwa cheusi kama tawa la chapati.

Usiuamini mshale wa kitufe. Oveni yangu ikiandika 250, kipimajoto kinasema 215. Na hapo niseme jambo: kile kipimajoto cha kumulika watu kwenye paji la uso tulichokizoea wakati wa korona hakifai, kinaishia kwenye homa ya binadamu. Unataka cha mafundi, kinachopanda hadi nyuzi 500.

Za umeme zilizoundwa kwa ajili ya pizza

Ziko namna mbili, na watu wanazichanganya.

Ya kwanza inafunguka kama kombe la baharini. Chini kuna jiwe la duara, juu kifuniko chenye koili, ukikifunga moto unakuwa sentimita chache tu kutoka kwenye jibini. G3 Ferrari ya Italia ndiyo inayojulikana zaidi. Inakula kama wati 1,200, yaani chini ya birika la umeme, na inakaribia nyuzi 400 kwa sababu uwazi wa ndani ni mdogo mno. Hewa ya kupasha haipo. Pizza dakika tano. Huwezi kutia kuku, huwezi kutia keki, kitu chochote kirefu kuliko mkate wa bapa kinagusa koili. Lakini mkate wa ajemi humo, jamani! Unavimba wote kama puto, unatoka na madoa ya hudhurungi, na mikono yako haijanuka moshi.

Ya pili ni sanduku lenye mlango wa kioo na jiwe ndani, kama Ooni Volt iliyotoka 2023, wati 1,600, nyuzi 450, au Pizzaiolo ya Breville, ambayo Uingereza inauzwa kwa jina la Sage, inayofika 400. Hizi zimezungushiwa kitambaa cha kuzuia joto, mlango ni vioo viwili au zaidi, na unaweza kuugawa moto wa juu na wa chini utakavyo. Hapo ndipo pesa yako ilipokwenda. Pizza inatoka kwa dakika moja na nusu au mbili. Ukimaliza moja, jiwe limepoa, lipe dakika tatu au nne lirudi. Wenye haraka hapo ndipo wanapoharibu: pizza ya tatu inatoka na uso uliochomeka na tako bichi, halafu lawama zinaiendea hamira.

Tahadhari moja kwa wapishi wa kwetu. Donge la Napoli ni unga, maji, chumvi na hamira tu. Donge letu tumezoea kulitia sukari, maziwa, hata tui. Sukari kwenye nyuzi 450 inaungua kabla unga haujaiva. Ukitaka kupika mkate wa ufuta kwenye mashine hizi, shusha hadi 250 au usijaribu.

Umeme wenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaoandika sifa za mashine hizi wanaishi sehemu nyingine.

Umeme wetu unapita chini ya bahari. Unguja inaupata kupitia Ras Fumba, Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010, na kabla ya hapo kulikuwa na majenereta ya Wesha. Aliyekuwapo Unguja Disemba 2009 anakumbuka tulivyokaa gizani karibu miezi mitatu. Mimi mikate yangu ya miezi ile ilipikwa yote kwa makaa, na kwa sababu hiyo siwezi kumshauri mtu yeyote auze seredani yake, hata akinunua mashine ya dhahabu.

Mambo kama yale ni ya nadra. Ya kila siku ni umeme kuwa mdogo. Saa mbili usiku, kila nyumba imewasha pampu na friji, feni la dari linazunguka kwa uvivu. Koili nayo inalegea, na haipungui kidogo kidogo kama unavyofikiri: nguvu yake inashuka kwa mraba wa volti. Oveni ya wati 1,600 iliyoundwa kwa volti 230, ukiipa 190 inabaki na kama wati 1,090. Theluthi imekwenda. Oveni ya mezani itachelewa tu, utasubiri. Ya pizza, ambayo kazi yake yote ni kufika 400, huenda isifike kabisa usiku ule. Kama mtaa wenu uko hivyo, oka alasiri.

Halafu tundu. Plagi yetu ya pini tatu za bapa ni ya ampea 13, kwa volti 230 ni kama wati 3,000 basi. Oveni moja inatosha humo. Mimi niliwahi kutia oveni ya 1,800 na birika la 2,000 kwenye ekstensheni moja, mgeni yuko barazani anasubiri chai. Kwanza ilikuja harufu, kisha waya ukalainika ukalala chini kama ute. Tangu siku ile oveni yangu ina tundu lake ukutani na hakuna anayeruhusiwa kulichezea, hata kuchaji simu.

Na mizigo ya ndugu wa nje. Kitu kikitoka Maskati, Dubai au Uingereza, plagi ni hii yetu na volti ni hizi zetu, chomeka. Kikitoka Italia, volti ni sawa ila pini ni za mviringo. Badilisha kichwa cha waya kwa fundi, usitegemee kile kiadapta cha kuchajia simu. Kikitoka Marekani kimeundwa kwa volti 120. Mshukuru ndugu, mwambie akibakishe hukohuko.

Kwa wanaohesabu Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla: pizza nne kwenye oveni ya mezani ya wati 1,500, pamoja na kuipasha, ni kama saa moja na robo; haizidi yuniti mbili. Kwenye sanduku la wati 1,600, dakika 50 hivi, yuniti moja na kitu. Kwenye kombe, yuniti moja haimaliziki. Bei sizitaji, kila kontena linakuja na yake.

La gesi, lile la picha

Lile alilolipenda wifi yangu ni la jamii ya Ooni na Gozney. Ooni ni kampuni ya Scotland iliyoanza mwaka 2012, na jina lake la mwanzo, Uuni, ni neno la Kifini lenye maana ya tanuri, waliochagua hawakujisumbua. Umbo lake ni zuri kwa akili: sakafu ya jiwe, dari ya chini sana, moto unaingia kwa nyuma, unalamba dari na kutokea mdomoni. Moto wa juu umepatikana bila koili. Dakika 20 jiwe liko tayari, pizza dakika moja, unaigeuza kila sekunde 20 la sivyo upande wa nyuma unakuwa makaa.

Linalokula kama kilowati 4 linamaliza kama gramu 300 za gesi kwa saa moto ukiwa wote. Mtungi wa kilo 6 utakupa kama saa 20. Pizza nne ni gramu 180 au 200. Hapo gesi haina mpinzani: umeme ukatike, upungue, wewe unaendelea.

Makosa yake ni matatu. La kwanza, ni la nje. Si la jikoni, si la ukumbini, si la roshani yenye paa. Moto ule mkubwa ndani ya chumba unatoa hewa ya sumu isiyonuka. Mwenye nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe asiye na uwanda, habari imeishia hapo. La pili, upepo. Kusi ikivuma Juni na Julai, moto unayumba, unarudi nyuma, unazimika, na wewe hujui mpaka unusie gesi. Likinge kwa ukuta ulio mbali nalo kidogo, upepo liupate ubavuni, mdomo usitazame bahari. La tatu, mpira na regileta. Linakuja na kichwa cha huko lilikotoka, na mitungi ya kwetu ina vichwa vyake, kila kampuni na chake. Kabla hujanunua mashine, nenda na picha ya kichwa cha mtungi wako kwa muuza gesi, na soma kibandiko cha mashine kinataka presha gani. Usikubali fundi anayesema "tutalazimisha".

Donge la kwetu lenye sukari halifai humo pia, na mkate mrefu hauingii. Dari iko sentimita chache tu juu ya jiwe. Ni mashine ya pizza na ya samaki kwenye kikaango cha chuma. Kwa kijana anayepika kwenye harusi za watu, akilibeba kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, sina neno. Kwa nyumba inayotaka mkate kila asubuhi, ni pambo.

Chumvi ya bahari haikusamehe hapa. Nyumba za pwani, futa kwa kitambaa chenye mafuta kila baada ya matumizi, funika likiwa limepoa. Jiwe nalo linanywa unyevu wakati wa masika. Ukilipandishia moto wote kwa ghafla linapasuka. Anza na moto mdogo robo saa.

Tanuri la kujenga

Mofa tunazijua: chungu kikubwa cha udongo, moto chini, mkate unabandikwa ukutani. Tanuri la pizza ni ndugu yake aliyelazwa ubavu. Kuba, sakafu, mlango mmoja, moto umesukumwa pembeni ndani humohumo. Kuni zinaunguza kuba, kuba linamulika pizza.

Mafundi wetu ni hodari kwa mawe, na hapo ndipo hatari ilipo. Jiwe la matumbawe ndilo tunaloliingiza kwenye tanuu kupata chokaa. Sasa utalijengaje kuba la moto kwa kitu kinachochomwa kikawa unga? Uso unaoguswa na moto uwe matofali ya udongo yaliyochomwa vizuri, na kiunganishi kiwe udongo wa mfinyanzi na mchanga. Saruji ya kawaida nayo inakosa nguvu joto likipita nyuzi 300 na kitu. Itumie kwa msingi na kwa nje. Matumbawe yawe ukuta wa kiuno tu, wa kuliinua tanuri.

Kipimo kimoja usikipuuze: urefu wa mlango uwe kama asilimia 63 ya urefu wa kuba kwa ndani. Mlango ukiwa mrefu, joto linatoka bure. Ukiwa mfupi, moto haupumui, nyumba nzima inapiga chafya. Chini ya sakafu weka kitu cha kuzuia joto lisishuke ardhini. Chupa tupu zilizolazwa kwenye mchanga mkavu zinafanya kazi. Likikamilika usiliwashie moto mkubwa. Wiki nzima ni vimoto vidogo, maji ya udongo yatoke taratibu, la sivyo mvuke unalipasua.

Kuni: mvinje unawaka vizuri, vifuu vinapandisha moto upesi sana. Mbao za boti zenye rangi, hapana. Utawasha saa mbili kabla. Mwanzo kuba linakuwa jeusi kwa masizi, halafu kuanzia utosini masizi yanaungua yenyewe na matofali yanageuka meupe. Hapo hujahitaji kipimajoto. Rusha chembe za unga sakafuni: zikigeuka nyeusi papo hapo, subiri na ufagie kwa kitambaa kibichi, zikigeuka za hudhurungi huku unahesabu mpaka tano, tia.

Uzuri wake uko baada ya pizza. Tanuri halizimiki, linashuka. Usiku pizza, ukiondoa makaa na kuziba mlango, asubuhi bado lina joto la kuoka boflo, mchana la kukaushia. Kuni za mara moja, kazi tatu. Mashine yoyote ya mezani ukiizima imezimika.

Mji Mkongwe usianze kutoboa paa kwa ajili ya bomba la moshi bila idhini ya Mamlaka ya Hifadhi; mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000.

Na zile nyingine

Eafraya ni feni na koili kwenye kidumu. Sambusa zilizopakwa mafuta kidogo zinatoka vizuri, pizza ya jana inafufuka, pizza mbichi inaiva uso na kubaki ubwabwa chini. Maikrowevu hata tusiizungumze. Na kama pizza unayoitaka ni ile ya Forodhani, yenye nyama ya kusaga, yai na kitunguu, iliyokunjwa kama bahasha, hiyo ni jamaa ya mutabaki wa Waarabu na haitaki tanuri: chuma cha bapa, samli, seredani, umemaliza.

Mimi ninayekaa ghorofani Kikwajuni nina oveni ya mezani yenye kipande changu cha chuma, na kombe kwa ajili ya ajemi. Likiharibika moja, nitarudia hilohilo.

Asubuhi wifi akajibu: "Uwani kupo. Na mkate, wifi, unajua nauza kila siku."

"Basi la picha mwachie mwanao, atalinunua akipikia harusi za watu. Wewe jenga."

"Nipe vipimo."

Nikampa: ndani sentimita 90, kuba 40, mlango 25. Jana kanitumia picha nyingine. Duara limechorwa kwa majivu uwani, nyuma kuna rundo la matofali, na katikati ya duara kuku amelala.